Jinsi ya kuisoma posti ya mgombea wa wadi kabla hujaisambaza

Nina duka dogo la kuchapa hapa Likoni, Mombasa. Natoa kopi, nafunika vyeti kwa plastiki, natengeneza kadi za harusi na mabango. Uchaguzi ukikaribia, wateja hubadilika. Wanaowania uwakilishi wa wadi huja na karatasi iliyokunjwa mfukoni au maneno waliyojirekodia kwenye simu. Wanataka picha yao ipambwe kwa rangi za chama, na chini yake yaandikwe maneno ya kubandika Facebook, ya kutuma kwenye makundi ya WhatsApp, na siku hizi ya kusoma mbele ya kamera kwa ajili ya TikTok. Kwa hiyo ujumbe unaokufikia saa tatu za usiku ukiwa umeshapambwa, mimi huwa nimeuona mchana ungali mbichi. Naona neno lipi limefutwa na lipi limetiwa mahali pake. Linalofutwa, karibu kila mara, ni lile linaloeleza jambo: jina la barabara, kiasi cha pesa, mwaka. Linalotiwa ni lile linalochoma.

Naandika kwa ajili ya mpiga kura mwenzangu, tukielekea uchaguzi wa Agosti 10, 2027. Kenya ina wadi 1,450. Mombasa ina 30, Kwale 20, Kilifi 35. Mgombea urais akiandika neno, waandishi wa habari hulichambua siku hiyo hiyo. La mgombea wa wadi halichambuliwi na yeyote. Linaingia kwenye kundi la mtaa, la msikiti, la kanisa, la wazazi wa shule, la chama cha akina mama, na anayelisoma ni wewe peke yako, pengine umejinyoosha kitandani na uchovu wa kutwa. Kazi ya kulichambua imebaki kwetu.

Kwanza tuelewane. Sitakuambia usome siasa kwa moyo mkavu. Mtu anayeishi kwenye ardhi ya babu yake bila hati ana haki ya kukasirika. Mama aliyebebwa kwa boda boda usiku na uchungu wa kuzaa ana haki ya kulia, na mgombea anayelieleza jambo hilo kwa sauti ya uchungu hajafanya kosa. Ninachotaka ujiulize ni kitu kimoja: hisia hii niliyotiwa, inanituma wapi? Inanituma kwenye ofisi ya kaunti, kwenye bajeti, kwenye mkutano wa hadhara? Au inanituma mlangoni kwa jirani?

Kwa nini maneno ya moto hutangulia kufika

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani wakiongozwa na William Brady walichapisha uchunguzi wa jumbe zaidi ya nusu milioni za Twitter kuhusu umiliki wa bunduki, ndoa za jinsia moja na mabadiliko ya tabianchi. Walikuta kwamba kila neno moja lililobeba hisia pamoja na hukumu ya wema au ubaya lilipoongezwa, ujumbe ulisambaa zaidi kwa takriban asilimia 20. Kwetu maneno ya namna hiyo ni kama "wasaliti", "dhuluma", "aibu". Mwaka huo huo Facebook ilianza kuzipa emoji za hisia, ukiwemo ule uso mwekundu wa hasira, uzito mara tano ya alama ya kupenda katika kuamua nani aonyeshwe nini. Kampuni iliupunguza uzito wa hasira baadaye, hadi ukafika sifuri mwaka 2020.

Wagombea wetu hawakuhitaji kusoma utafiti. Wamejifunza kwa macho. Posti ya mtaro ulioziba ilipita kimya, ya "tumesalitiwa" ikajaa maoni mpaka usiku wa manane. Mtu akiona hivyo mara mbili, ya tatu haandiki tena habari za mtaro.

Chukua posti moja, uifungue

Hii hapa nimeiunga mwenyewe kutokana na vipande ninavyoviona kila msimu. Hakuna mgombea mmoja aliyeiandika yote:

"Ndugu zangu wa wadi yetu, TUMECHOKA! Miaka mitano tumedharauliwa, tumetengwa, tumeibiwa. Vijana wetu wanakaa vijiweni huku wageni wakipewa kazi zetu. Mama zetu wanazalia njiani. Sasa basi! Mimi ni damu yenu, mtoto wa hapa hapa. Nipeni kura, hati miliki mtapata na bandari itarudi kwa wenyewe. Wakati ni huu. Sambaza mpaka iwafikie!"

Isome mara ya kwanza kama ilivyo na uuache moyo uruke. Usijizuie, kwa sababu unahitaji kujua ni mstari gani uliokugusa. Halafu isome tena polepole na utenge mafungu mawili. Fungu la kwanza liwe mambo ambayo ungeweza kutoka nje kesho asubuhi ukayaona kwa macho au ukayauliza mahali. La pili liwe yaliyobaki. Katika posti hii fungu la kwanza lina vitu viwili tu: vijana wasio na kazi, na akina mama kuzalia njiani. Mengine yote ni joto.

Sasa tazama vitenzi. Tumedharauliwa, tumetengwa, tumeibiwa. Na nani? Mtendaji ameachwa nje ya sentensi, na kila msomaji atamjaza wa kwake. Mwenye hasira na gavana atamjaza gavana. Mwenye kesi ya mpaka wa kiwanja atamjaza jirani aliyetoka kaunti nyingine. Posti moja, maadui mia, na aliyeiandika hakumtaja hata mmoja, kwa hiyo hawezi kushikwa kwa lolote. Mteja akiniletea sentensi kama hiyo humuuliza: aliyeiba ni nani, aliiba nini, mwaka gani wa fedha? Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti ya kila kaunti kila mwaka, na inapatikana wazi kwenye intaneti. Mwenye shutuma ya wizi ana mahali pa kuanzia. Wapo waliokwenda wakasoma, wakarudi na jambo la kweli, na posti yao ikawa na uzito ambao herufi kubwa na alama za mshangao haziwezi kuupa.

Hapo ndipo nakuomba uanzie hata kama huna muda wa mengine. Ukikuta kitenzi cha kuonewa, tafuta mwonevu ndani ya ujumbe huo huo. Asipokuwemo, usimjaze.

Pima ahadi kwa ofisi anayoitaka

Hapa ndipo pana faida kubwa, na ndipo watu wengi hupapita.

Mwakilishi wa wadi ni mjumbe wa bunge la kaunti. Katiba, kifungu cha 185, inalipa bunge hilo kazi ya kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha mipango na kuisimamia serikali ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamtaka mwakilishi awe karibu na wananchi, awashauri kuhusu mambo yanayojadiliwa bungeni, na apeleke maoni yao huko. Kifungu hicho hicho kinamkataza kujiingiza katika kazi za utendaji za kaunti au kutoa huduma kana kwamba yeye ni afisa wa kaunti. Kwa maneno mengine, hajengi barabara wala haajiri muuguzi. Anapigania fedha zitengwe, kisha anauliza zilienda wapi. Kazi hiyo ni kubwa, lakini ina mipaka yake.

Turudi kwenye posti. "Hati miliki mtapata." Hili ni jeraha la Pwani, na lina umri mrefu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda huu wajitokeze kudai ardhi yao mbele ya serikali ya mkoloni, na isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya serikali hiyo. Wamijikenda wengi, wenyeji wa Pwani, waliachwa nje ya utaratibu ule, na vitukuu vyao leo wanaitwa maskwota mahali walipozaliwa. Mgombea akiligusa jeraha hili, machozi yanayokutoka ni halali. Lakini hati hutolewa na serikali kuu, na uchunguzi wa dhuluma za kihistoria za ardhi Katiba imeukabidhi kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Sisi wa Likoni tuna mfano wetu, shamba la Waitiki, ekari zaidi ya 900, mgogoro uliodumu miaka na miaka. Lilinunuliwa na serikali kuu, na Januari 2016 aliyekuja kugawa hati alikuwa Rais Uhuru Kenyatta. Mwakilishi wa wadi anaweza kuwakalisha watu, kuwasaidia kuandika malalamiko na kuleta hoja katika bunge la kaunti. Kutia sahihi hati hawezi.

"Bandari itarudi kwa wenyewe." Mamlaka ya Bandari ni shirika la serikali kuu. Kazi ya kukomboa mizigo ilipohamishiwa bara baada ya reli mpya kuanza mwaka 2017, familia nyingi hapa zilikosa riziki, na madereva, makuli na akina mama wauza chakula wanaijua hadithi hiyo kwa njaa yake. Iliporudishwa Mombasa, agizo lilitoka kwa Rais William Ruto siku aliyoapishwa, Septemba 13, 2022. Si jambo linalopigiwa kura katika bunge la kaunti.

Na sasa utazame mstari uliobaki. "Mama zetu wanazalia njiani." Maneno manne, kisha nukta, kisha akapita. Hakuna ahadi iliyofuata. Lakini zahanati na vituo vya afya vya kaunti pamoja na ambulensi vimo katika Jedwali la Nne la Katiba, upande wa kaunti. Katika posti nzima, jambo la wazi lililo chini ya ofisi anayoitaka ni hili, na ndilo aliloliacha bila neno. Alilitumia kututia uchungu, akauchukua uchungu ule akaupeleka kwenye hati na bandari.

Nikisema posti ipimwe kwa ofisi, maana yangu ni hiyo. Tafuta mahali hisia ilipozaliwa na mahali ahadi ilipoelekezwa, uone kama ni pamoja.

Ukitaka kuwa na maswali ya kumuuliza, jua kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa bungeni kabla ya Septemba 1. Waraka wa sera ya fedha hufika kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Mgombea anayeumizwa kweli na akina mama wanaozalia njiani ataweza kukuambia atalisema wapi kati ya tarehe hizo tatu. Asiyejua, mpe muda akajifunze. Wengine hurudi wamejifunza, na hao nawaheshimu sana.

"Wageni", "wenyewe", "damu yenu"

Sehemu hii siichukulii wepesi.

Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Usiku ule na siku zilizofuata, watu waliotoka bara waliuawa, nyumba na vibanda vyao vikachomwa, na maelfu wakakimbilia kanisani. Waliokufa walizidi mia moja. Uchaguzi ulikuwa Desemba mwaka huo. Nilikuwa msichana wa shule, na madawati yaliyobaki wazi darasani nayakumbuka kwa majina ya waliokuwa wakiyakalia. Tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa mwaka uliofuata ilichunguza ghasia hizi na nyingine za kikabila nchini, na kidole chake kiliwaelekea wanasiasa. Kabla ya mapanga yalitangulia maneno, na maneno hayo yalikuwa haya haya: hawa si wa hapa, wamechukua vyetu.

Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga, yanayotumiwa kuwatenga watu wa kabila jingine. Yalikuwemo "madoadoa", "kwekwe", "mende", na kwa upande wetu "wabara waende kwao". Miezi michache kabla ya hapo Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, alikamatwa kwa kulitamka neno "madoadoa" katika mkutano Eldoret. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, kifungu cha 13, inaweka faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayechochea chuki ya kikabila.

Shida ni kwamba mgombea mjanja haandiki maneno ya kwenye orodha. Anaandika "wageni". Anaandika "wenyewe". Anaandika "sisi tunajuana". Hakuna polisi atakayemkamata kwa hayo. Kwa hiyo usitafute tusi peke yake. Tafuta mstari uliochorwa kati ya watu wanaopanga nyumba moja. Fanya jaribio hili, halijawahi kunidanganya: msomee ujumbe huo jirani yako mmoja ambaye wazazi wake walitoka kwingine, umsomee ana kwa ana, ukimtazama machoni. Ulimi ukikuwia mzito kabla hujafika mwisho, umeshapata jibu, na ujumbe ule usiupeleke kwa mtu mwingine. Ukiwa ni wa wazi wa kuchochea, piga picha ya skrini yenye jina, namba na saa, uipeleke kwa tume hiyo au kwa polisi. Kumtukana mwandishi ndani ya kundi hakusaidii, kwa sababu humpa umati wa kumtazama.

Nikisema hivi wapo wanaodhani nakataza kusema kwamba vijana wa Likoni hawaajiriwi. Sikatazi hata kidogo. Sema ni kazi gani, ilitangazwa lini, waliopata ni wangapi na wametoka wapi, nani alisimamia. Kaunti ina bodi ya utumishi wa umma inayoajiri, nayo inaweza kuulizwa takwimu zake. Hasira iliyobeba maswali hayo mimi mwenyewe nitaisambaza.

Hofu ya usiku

Siku mbili tatu kabla ya kura, ujumbe hubadilika. Hasira hupungua, hofu huingia. Mara nyingi huja kwa sauti, kwa sababu sauti ina pumzi na mtetemo: "Jamani, nimeambiwa na mtu wa ndani, kura zimeshapigwa, kesho msitoke." Ukiona juu yake mishale miwili, maana yake umepitia mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia. Tangu 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe kama huo kupelekwa zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja, na wewe nawe chukua nafasi hiyo kufikiri.

Watu husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwenye uchaguzi methali hiyo imebeba uongo mwingi. Lakini na mimi sitakuambia kila la kutisha ni uongo. Agosti 8, 2022, siku moja kabla ya kura, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kuahirisha uchaguzi wa ugavana wa Mombasa na Kakamega kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na makosa. Ulifanyika Agosti 29. Habari ilikuwa ya kweli, na waliosema "ni uvumi" walikosea. Ila kura za urais na za wadi zilipigwa Agosti 9 kama ilivyopangwa. Ukilitoa neno moja tu, "ugavana", habari ya kweli inageuka kuwa ya kumbakisha mpiga kura nyumbani. Kwa hiyo katika habari ya hofu angalia mambo matatu: nani ametangaza kwa jina na cheo, kura gani hasa inayotajwa, na ujumbe unataka ufanye nini. Unaokutaka usitoke ndani ndio wa kuutilia shaka kuliko wote.

Upole nao ni lugha

Tumezoea kuogopa hasira, tukasahau kwamba huruma na furaha hubeba kura nyingi zaidi. Mgombea amesimama matangani mkono kifuani. Mgombea amempigia magoti bibi kizee, gunia la unga pembeni, kamera mbele. Salamu za Ramadhani, futari, karo ya mtoto mmoja iliyotangazwa kwenye makundi yote. Siwezi kuuona moyo wa mtu na sitasema wote wanaigiza. Najua wawili ambao walikuwa wakifanya hayo miaka kabla ya kutangaza kugombea. Swali la kuuliza ni rahisi: bibi yule aliulizwa kama anataka picha yake ienee? Na jambo alilosaidiwa kwa siku moja, mgombea anataka lifanywe vipi kwa wenzake wote wa wadi kwa miaka mitano? Karo ya mtoto mmoja ni sadaka, nayo ina thawabu yake. Basari ya kaunti ni fedha ya umma, ina utaratibu wake, na utaratibu huo ndio wa kuulizwa.

Kuna hisia nyingine inayoniudhi kuliko zote, aibu wanayomwagiwa wanawake wanaogombea. Mwanamume akishambuliwa huitwa mwizi au mwongo. Mwanamke huulizwa ameolewa wapi, na kama ameolewa nje ya wadi huambiwa akagombee kwao, na akirudi kwao huambiwa ameolewa. Akiwa hana mume, picha yake hukatwa na kubandikwa pembeni ya mwanamume yeyote. Nimewahi kumwona mgombea mmoja ameketi kwenye benchi langu, simu inalia ujumbe juu ya ujumbe, kisha akaizima, akaniambia, "Dada, tuendelee na ratiba ya maji." Ukiona posti ya namna hiyo kuhusu mwanamke, tafuta ndani yake neno moja linalohusu kazi ya bunge la kaunti. Lisipokuwemo, ifute.

Ukiwa wewe ndiye unayemwandikia

Vijana wengi sasa wanawaandikia wagombea, na si kazi mbaya. Hii ndiyo ile posti ya juu, kama ningeiandika mimi:

"Ndugu zangu, mwaka huu mama wa mtaa wetu amejifungulia kando ya barabara, kwa sababu zahanati yetu hufungwa jioni na ambulensi haikuja. Jambo hili linaniuma na sitalinyamazia. Nikichaguliwa, hoja yangu ya kwanza katika bunge la kaunti itakuwa muuguzi wa usiku na ambulensi ya wadi, na nitataka fedha zake zionekane kwenye makadirio ya bajeti yanayofika bungeni kabla ya Aprili 30. Kuhusu hati za ardhi, sitawaahidi nisichokuwa na uwezo nacho. Nitakaa nanyi tuandike malalamiko yetu kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na nitayafuatilia. Mniulize nimefika wapi."

Kijana mmoja niliyemwonyesha maneno ya namna hii alikunja uso. "Dada, hii haina moto." Nikamwambia, "Kakangu, nenda ukausome ule mstari wa kwanza mbele ya akina mama wa mtaa huu, ndipo uje uniambie." Uchungu umo. Upo pale pale ulipotokea, na unakwenda mahali penye uwezo wa kuupoza. Sharti ni kwamba tukio liwe la kweli, mwenyewe awe ameridhia lisimuliwe, na jina lake lisitajwe.

Na kama wewe ni mpiga kura unayetaka kuuliza ndani ya kundi, uliza kwa adabu na kwa ufupi, maana swali refu hugeuka hotuba na swali la kejeli humpa mgombea njia ya kukwepa. Unaweza kunakili hili: "Mheshimiwa, shukrani kwa ujumbe. Umetaja akina mama wanaozalia njiani. Ni zahanati gani, na utaomba nini kwenye bajeti ya kaunti?" Usiongeze lolote. Ngoja. Wafuasi wake watakurukia, wewe rudia swali lile lile mara moja, kisha nyamaza.

Jibu likija, lihifadhi siku hiyo hiyo kwa picha ya skrini inayoonyesha tarehe. WhatsApp inamruhusu mtu kurekebisha ujumbe wake ndani ya dakika 15, na hata kuufutia kundi zima baadaye. Kwenye Facebook, posti iliyorekebishwa ina historia ya marekebisho unayoweza kuifungua kupitia vile vinukta vitatu vya pembeni, lakini ikifutwa yote, historia nayo inaondoka. Weka picha hizo kwenye faili moja yenye jina la wadi na mwaka, mpe nakala mtu mwingine mmoja unayemwamini, na mzifungue pamoja mwishoni mwa Aprili itakayofuata uchaguzi, makadirio yakishafika bungeni.